Azoti ya Marlène

Taa yangu ilikuwa ndogo kama ukucha, na ilikuwa hafifu. Ilitoa mwanga wa kijani, lakini mchana hukuiona. Profesa Théodore alikuwa ameniambia waziwazi: isipong'aa kushinda ile ya mwaka jana kabla ya Ijumaa, meza yangu ya maabara watapewa watafiti wa shaba. Hapa Likasi, mji wa migodi, watu wa shaba hawakosi meza.

Kasoro niliijua. Fuwele za perovskaiti zinazotoa mwanga ndani ya taa ni ndogo kupita vumbi, na kila moja imevikwa ngozi ya mafuta. Mafuta yakibaki mengi, umeme hauingii. Ukiyaosha yote, fuwele zinagandamana na kufa. Dawa ni kuyatoa na papo hapo kuzivika ngozi nyingine, nyembamba. Kazi hiyo haitaki unyevu, nasi tulikuwa katikati ya mvua za Januari. Inafanywa ndani ya kisanduku cha kioo kilichojazwa azoti, gesi kavu. Chupa yangu ya azoti ilikuwa imekwisha.

Iliyobaki ilikuwa ya Marlène, mwenzangu wa meza ya pili, aliyeitunza kwa jaribio lake mwenyewe. Niliinama nikafuta kioo cha kisanduku. Kuomba sikuzoea.

"Ruphin, unanuna sababu ya nini?" Marlène akauliza.

"Miye? Sinuni."

"Uko na sura ya muntu mwenye banamuibia bukari ya kukula mu sahani. Kamata chupa yangu."

"Na jaribio yako?"

"Yangu itangoya. Yako itakufa Ijumaa. Fanya mbio, nisigeuze roho!"

Niliziosha fuwele na kuzivika ngozi mpya, na Alhamisi tuliwasha taa. Kijani kilichomoka kikali hata Marlène akaziba macho.

"Eh! Zima, weye, utatupofusha!"

Kipimo kilionyesha karibu mara nne ya ile ya mwaka jana. Profesa aliinama, akatazama sana, akainuka. "Meza ni yako," akasema, akatoka. Nilimgeukia Marlène nimshukuru, nikaishia kuitazama chupa yake, tupu.

Jumamosi lori lilileta chupa mpya za azoti kwenye depo ya mtaa wa Kikula. Sikungoja mtu azipeleke maabara. Niliifunga moja juu ya mkokoteni, nikausukuma katikati ya soko, jasho likinitiririka.

"Ee, profeseri!" vijana wakapiga kelele. "Diplome inakupatia pousse-pousse?"

Siku nyingine ningesimama niwachape kwa maneno mpaka watawanyike. Siku hiyo nilicheka.

"Mukuye musukume basi, iko nzito!"

Wawili walikuja. Nilitaka Jumatatu Marlène aikute chupa imesimama kando ya meza yake, imejaa.