Kadi ya Tatu ya Nguzo

Jumatatu asubuhi, siku mbili baada ya kushinda mechi iliyoniokoa, nilikuwa nakula mayai kwa amani kwa mara ya kwanza tangu tuanze kufungwa. Mke wangu alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeomba chakula mwenyewe. Wiki sita nzima nilikuwa nakula nimesimama, simu sikioni, na mara mbili nilitia chumvi kwenye chai.

Watu hudhani kocha mkuu ni yule bwana anayesimama pembeni ya uwanja akipunga mikono. Hiyo ndiyo sehemu ya kupumzika. Kazi yenyewe iko kwa mwenyekiti anayekupigia simu ukiwa bafuni, kwa kinyozi aliyekuwekea wembe shingoni huku anakuuliza kwa nini hukumpanga winga wa kushoto, kwa shemeji yako anayetangaza mbele ya wakwe kwamba timu haina kiungo. Tulikuwa tumefungwa mechi tano na kutoka sare moja. Magazeti yaliandika kwamba nimekalia kuti kavu. Alhamisi kamati ikaniita na kuniambia bila kuzunguka: Jumamosi ushinde au ufungashe virago.

Tukashinda. Bao moja, la kona, dakika ya sabini. Dakika ya tisini na tatu mpira ulimpita kipa wetu ukielekea wavuni, na Nguzo, beki wetu wa kati, akautoa kwenye mstari kwa goti. Kwa goti! Nililia mbele ya uwanja mzima na sioni aibu kusema hivyo.

Basi nilikuwa kwenye yai la pili mlango ulipogongwa. Aliingia meneja wa timu, ambaye sote tunamwita Daftari kwa sababu hajawahi kuonekana bila daftari lake la jalada jeusi. Humo huandika kila kadi ambayo wachezaji wetu wameonyeshwa. Ligi yetu ina sheria isiyo na huruma: mchezaji akifikisha kadi tatu za njano, haruhusiwi kucheza mechi inayofuata, na ukimchezesha, hata kwa kupitiwa, pointi zote wanapewa wapinzani. Kwa hiyo kabla ya kila mechi namuuliza Daftari, "Nani hachezi?" Yeye hulamba kidole, hufungua kurasa, hunijibu. Miaka minne hakuwahi kukosea.

"Kocha, kaa chini," alisema.

"Nimekaa."

"Basi usisimame."

Akalifungua daftari mezani, kando ya sahani yangu. Kurasa zilikuwa zimejikunja.

"Unakumbuka lilivyolowa siku ile ya mvua, wiki mbili zilizopita? Halikukauka vizuri, jana nikalianika dirishani. Leo naamka, naona kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Nikazibandua." Akaweka kidole kwenye mstari. "Nguzo. Mechi ya nne, njano. Siku ya mvua, njano. Hizo ndizo mbili nilizokuhesabia Ijumaa. Sasa humu katikati kuna hii. Mechi ya kumi na moja, njano."

Hesabu hiyo hata watoto wangu pacha wanaiweza. Nguzo alikuwa na kadi tatu. Hakutakiwa kugusa mpira Jumamosi, na ule ushindi, na lile goti, na yale machozi yangu, vyote vilikuwa haramu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu humu. Wapinzani wana mpaka saa sita mchana leo kukata rufaa."

Nitasema ukweli: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa gundi. Droo ya watoto ilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Wazo la pili lilikuwa kumnyonga Daftari, na hilo nililikaribia zaidi, maana nilijikuta nimesimama, nimempigia kelele mpaka vikombe vikalia kabatini. Nilimwambia amemwaga unga wangu. Nilimwambia mengine pia. Yeye aliinamisha kichwa tu, na hilo likanizidishia hasira.

"Baba Pacha," mke wangu akaniita taratibu. "Hasira zako zimewahi kukusaidia nini?"

Nikakaa. Jambo hilo lina historia. Msimu uliopita nilionyeshwa kadi nne kwa mdomo wangu, mara moja nikatolewa nikaenda kukaa na watazamaji, karibu na mzee aliyenifundisha kazi yangu kwa dakika arobaini. Msimu huu ulipoanza nilimwahidi mke wangu kwamba sitapewa kadi hata moja.

"Na sijapewa!" nilimwambia, ingawa hakuwa ameuliza.

Mwenye kupewa alikuwa Nguzo. Siku ile ya mvua maji yalipiga paa la benchi letu hata humsikii aliye begani kwako. Mwamuzi akatunyima penalti ya wazi. Nikaipiga teke chupa ya maji, nikageukia benchi na kutoa maneno ambayo sitayarudia. Nilipogeuka tena uwanjani, kadi ya njano ilikuwa juu, na mbele yangu alisimama Nguzo, mikono kichwani, akibishana na mwamuzi. Nahodha wangu! Baada ya mechi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wenzake wote, nikamvua kitambaa cha unahodha nikampa kipa. "Nahodha asiyeweza kuuzuia mdomo wake hafai," nilisema. Kesho yake nikamzungusha uwanja mara kumi, kwa sababu hiyo ndiyo adhabu yetu ya kadi ya mdomo. Alizunguka kwenye tope, hakusema neno.

"Ligi wenyewe hawana hesabu yao?" mke wangu aliuliza.

"Wanayo," Daftari akasema. "Kila baada ya mechi wanaleta ripoti ya mwamuzi kwa bahasha. Inakaa kwa katibu."

"Na hiyo ripoti inasemaje?"

Mimi na Daftari tukatazamana.

"Tuna daftari," Daftari alisema, kwa sauti ndogo sana.

Mke wangu alicheka kicheko kile cha kumaanisha kwamba atawasimulia dada zake. Kisha akaacha kucheka. "Nendeni mkaisome. Kama ni tatu kweli, Baba Pacha, piga simu ligi useme mwenyewe kabla hujasemewa. Masanduku najua yalipo. Si mara yetu ya kwanza kuhama."

Alisema hivyo huku ananisogezea viatu. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Katibu wa klabu ni mama wa makamo ambaye hakimbizwi na mtu. Tulimkuta anachemsha maji ya chai. Tulipomwomba bahasha ya mechi ya mvua, alitazama dari, akatazama kabati, halafu akanyanyua birika, na bahasha ikawa hapo chini, imefanywa kitambaa cha kuzuia meza isiungue. Haikuwahi kufunguliwa.

Daftari alishindwa kuichana. Mimi nikaichana, lakini macho yaliruka mistari, nikampa katibu. Akavaa miwani na kusoma kama anayesoma tangazo kwenye spika.

"Dakika ya sitini na moja. Kadi ya njano. Kocha mkuu. Kupiga teke chupa na kutumia lugha isiyofaa." Akanitazama juu ya miwani. "Hongera."

"Na Nguzo?"

"Hayumo."

"Soma tena."

"Hayumo, baba. Ni wewe peke yako."

Sikuelewa mara moja. Daftari ndiye aliyeelewa, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza: mechi ya nne, mechi ya kumi na moja, basi. Mbili! Kadi ya siku ya mvua haikuwa ya Nguzo, ilikuwa yangu, nilinyanyuliwa nikiwa nimegeuka kutukana. Nguzo alikuwa na haki ya kucheza Jumamosi. Ushindi ulikuwa wetu, halali kabisa. Nikakaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati la mafaili, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Daftari alinikumbatia, akalia kwenye kola ya shati langu. Nilijisikia mwepesi, kama niliyeshushwa gunia kichwani baada ya kupanda mlima.

"Miaka kumi na saba nipo hapa," alisema katibu akimimina chai, "sijaona mtu anashangilia kadi yake."

Kicheko kilikatika nilipokumbuka kitambaa cha unahodha.

Nilimkuta Nguzo peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mfuko wa barafu juu ya goti lililovimba. Lile lile goti. Nikakaa karibu yake.

"Ile kadi ya siku ya mvua," nilisema.

"Ndiyo, kocha."

"Ilikuwa yangu."

"Najua, kocha."

"Unajua?"

"Nilikuwa namwomba mwamuzi akusamehe. Akaniambia, sogea, hii si yako."

"Sasa kwa nini ulikaa kimya? Nilikuvua kitambaa mbele ya watu. Nilikuzungusha kwenye tope!"

Akasogeza barafu kidogo. "Kamati walikuwa wanatafuta sababu, kocha. Wangesikia umepewa kadi tena kwa matusi, wasingesubiri Jumamosi. Mwenyekiti hasomi ripoti, anasikiliza maneno ya chumbani. Nikaona bora maneno yawe yangu." Akatabasamu. "Halafu, kusema kweli, ulikuwa umewaka. Nani angekusogelea?"

Nimefundisha mpira miaka kumi na mitano na sijawahi kuona haya kama pale. Mtu niliyemwita hafai ndiye aliyenibeba, kwanza kwa kunyamaza, kisha kwa goti. Nilimwomba radhi. Sikutafuta maneno mazuri, nilimwambia tu nisamehe, nimekukosea.

"Yameisha, kocha," alisema.

Hayakuwa yameisha. Nilipiga filimbi, nikawakusanya wachezaji wote waliokuja mazoezini katikati ya uwanja, nikawasimulia kila kitu, chupa, matusi, bahasha chini ya birika. Kipa alikwenda kukichukua kitambaa kwenye begi lake kabla sijamaliza. Nikamfunga Nguzo mkononi mimi mwenyewe, na vidole vyangu vilihangaika na lile fundo kuliko vya mtu anayejifunza kufunga. Daftari alifungua ukurasa mpya, akaandika: Kocha, njano moja.

"Kadi ya mdomo ni raundi ngapi vile?" aliuliza mtu nyuma, na wote wakawa wanatazama majani.

Nikavua filimbi nikampa nahodha. Nikampigia mke wangu kwanza, kwa sababu ahadi ni ahadi. Nilimwambia habari njema ni kwamba tunabaki, na habari mbaya ni kwamba nimepewa kadi. Nikamsikia anashusha pumzi ndefu, kama aliyekuwa ameizuia tangu Alhamisi. "Kimbia," alisema.

Nikakimbia. Tumbo lilinitangulia, vijana wakahesabu kwa sauti, na jua lilikuwa zuri. Raundi ya nne nilikuwa nahema kama mbuzi. Raundi ya saba nikapita ndani ya kibendera cha kona badala ya nje, nikidhani hakuna anayeona.

Filimbi ikalia.

"Kocha!" Nguzo alipaza sauti kutoka benchi, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti. "Hiyo kona umeikata!"

Sikubishana. Nilirudi nyuma, nikakizunguka kibendera, nikaendelea.