Darubini ya Bwana Mifugo

Ibada ya kuombea mvua ilifanyika Jumapili moja ya Februari, na katika kata nzima ya Nyanungu mtu pekee aliyeomba kimoyomoyo isijibiwe upesi alikuwa afisa mifugo.

Jina lake Theodosia, mzaliwa wa Kagera, aliyeletwa Tarime na barua ya ajira. Watu walimwita Bwana Mifugo, kwa kuwa wote waliomtangulia walikuwa wanaume na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha jina kwa ajili ya mtu mmoja. Alikuwa mchapakazi. Alijua kuliko wengi pale kanisani jinsi malisho yalivyokwisha na jinsi mbavu za ng'ombe zilivyoanza kuonekana kwa mbali. Lakini vuli iliyogoma kunyesha ilikuwa imeacha anga safi ajabu, na Theodosia alikuwa anajifunza kupiga picha za nyota.

"Semeni amina!" alisema mchungaji.

"Amina," alijibu Theodosia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Bhoke, mama mwenye nyumba wake, alimgusa kwa kiwiko. "Binti, mbona amina yako haina nguvu? Hukunywa chai?"

Darubini aliinunua Mwanza kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Ilikuwa bomba nene jeupe, lenye urefu wa ndama mchanga, na ilikaa juu ya miguu mitatu yenye mota ndogo inayozunguka polepole kuzifuata nyota. Mahali pa kuweka jicho ndipo alipofunga kamera yake. Alichokitaka ni kitu kimoja tu: wingu la gesi lililo katika kundi la nyota la Orioni, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Alikuwa ameliona kwenye simu, jekundu, limetanua mabawa, na tangu siku hiyo hakutulia. Ila picha ya namna ile haipigwi mara moja. Mwanga wake ni hafifu mno. Inabidi upige nyingi, kila moja kamera ikikodoa jicho kwa nusu dakika, kisha kompyuta izilaze zote moja juu ya nyingine mpaka kilichojificha kijitokeze.

Walimu wake walikuwa wazungu wa kwenye video, na wote walianza na neno lile lile: kwanza itafute Nyota ya Kaskazini. Theodosia aliitafuta jioni kadhaa, shingo ikamuuma, kabla hajagundua kwamba ukiwa Tarime nyota hiyo huioni kabisa. Imelala chini ya upeo wa macho, huko upande wa Kenya. Ikabidi akilaze kile kitako cha mota karibu na ardhi, kama mbuzi anayesubiri kukatwa kwato, na kukielekeza kwa kubahatisha, akisogeza kidogo, akipiga, akitazama, akisogeza tena.

Picha zake za mwanzo nyota zote zilitoka ndefu na zimejikunja. Alizikodolea macho kwenye kompyuta, na kwa mazoea ya kazi akawaza dawa ya minyoo. Zilizofuata nyota zilikuwa za duara, lakini kubwa kama maandazi, maana hakuwa ameweka fokasi sawasawa. Baada ya hapo akapata jioni moja ya weusi mtupu. Alihangaika na mipangilio yote ya kamera mpaka macho yakamwaga machozi, ndipo akaona kwamba mfuniko bado uko mdomoni mwa darubini.

Alipoyamaliza makosa yake mwenyewe, yakabaki ya Bhoke.

Bhoke alikuwa mjane, mwenye zizi la ng'ombe wazuri, na juu ya zizi hilo alikuwa amefunga taa ya sola inayoweza kumulika mpaka kwa jirani. Kwenye picha taa hiyo ilijaa kama maziwa yaliyomwagika.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini? Ukianza na shikamoo ya pili kwa siku moja najua una shida."

"Naomba taa izimwe. Jioni tu, kwa saa mbili."

"Wezi wa ng'ombe nao watanishukuru." Bhoke alifikiri. Alimpenda huyu msichana, aliyewahi kukesha na mtamba wake mpaka akazaa salama. "Nitazima. Lakini wewe ukae ukilitazama zizi, na kila baada ya muda ukohoe. Ukohoe kikohozi cha mwanamume. Mwizi ajue kuna mtu macho."

Theodosia alikubali. Jioni ile alikohoa kwa uaminifu mkubwa, na kila alipokohoa miguu ya darubini ilitetemeka na nyota zikaruka. Kesho yake akamwonyesha Bhoke picha: kila nyota ilikuwa na mkia.

"Hiki nini?"

"Kikohozi, mama."

Basi Bhoke akaja kukohoa mwenyewe. Alileta kiti chake cha kukunja, akakiweka mbali karibu na mlango wa zizi, akajifunika khanga mabegani, na kutoka gizani kukawa na kikohozi kizito cha mzee wa miaka themanini. Katikati ya vikohozi aliuliza maswali.

"Umeshapiga ngapi?"

"Arobaini."

"Za kitu kile kile? Na hakijatikisika?"

"Hakijatikisika."

"Harusi ya mwanangu mpiga picha alipiga moja tukaenda kula. Huko kuna nini hasa?"

"Wingu la gesi, mama. Ndani yake nyota zinazaliwa."

"Zinazaliwa? Nani anazizalisha?"

"Hakuna. Zinazaliwa zenyewe."

"Nyie maafisa mna bahati," alisema Bhoke, akakohoa.

Sasa, wapiga picha za nyota wana mambo ambayo hata kwa nia njema hayaelezeki kwa jirani. Baada ya kazi ya jioni Theodosia alilazimika kuifunika darubini mdomo kwa makusudi na kupiga picha nyingine za giza tupu, ili kompyuta ijue uchafu upi, ule wanaouita kelele, ni wa kamera yenyewe. Na alfajiri, mwanga ukianza, aliivalisha darubini fulana nyeupe ya kampeni ya chanjo, akaivuta ikabana, akapiga picha za ule weupe, ili vumbi la kwenye kioo lijulikane. Ni alfajiri ya namna hiyo ambapo Mzee Machage, mwenyekiti wa kitongoji, alipita akipeleka ng'ombe majini. Alisimama. Ng'ombe wakasimama. Alitazama bomba lililovaa fulana, akamtazama Theodosia aliyekuwa na nguo za kulalia, akaendelea na safari bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alirudi jioni, amevaa koti lake zito la vikao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Mifugo." Alikaa kwenye kiti cha Bhoke, na Bhoke mwenyewe akatoka ndani na kusimama mlangoni. "Nimetumwa na watu. Mimi binafsi sina neno. Wanasema tangu ulete hicho chombo, mvua haijanyesha. Kila ukikitoa nje, juu hakuna wingu."

"Ni kweli, mzee. Nakitoa kwa sababu hakuna wingu."

"Ndiyo hayo hayo wanayosema."

"Hapana, mzee. Wingu linaondoka kwanza, halafu mimi ndiyo nakitoa."

"Linajua unataka kukitoa." Machage aliinua mkono kabla hajajibiwa. "Tena kinavaa fulana."

"Ile ni ya kupima vumbi."

"Na unakipiga picha kikiwa kimefungwa mdomo."

"Hizo ni za kuondoa kelele za kamera."

"Kelele gani?"

"Hata mimi nilimuuliza," alisema Bhoke kutoka mlangoni. "Kelele zenyewe hazisikiki."

Machage alivuta pumzi, akainama mbele, akamwita kama vijana wa kiume wanavyoitwa kwa lugha ya kwao. "Nikuulize swali moja, mura, na unijibu kama mtu mzima. Wewe, kwa moyo wako, mvua unaitaka?"

Lingekuwa swali jepesi kwa afisa mifugo yeyote nchini. Theodosia alifungua mdomo. Alifikiria mwezi mchanga, jioni nyeusi zilizobaki kabla Orioni haijaanza kuzama mapema. Alichelewa.

"Anaitaka," Bhoke alimwokoa, "lakini wiki ijayo."

Hukumu ikatoka pale pale: chombo kikae ndani mpaka mvua inyeshe. Theodosia alikiingiza chumbani, akakisimamisha kati ya kitanda na kabati, na kila alipogeuka usingizini alikigonga kwa goti.

Siku zikapita. Anga likabaki bluu kama limepigwa rangi. Katikati ya juma aliitwa kwa Nyangwine, mfugaji wa upande wa bondeni, ambaye ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuinuka. Theodosia na watu wanne walipitisha kamba chini ya tumbo, wakamwinua, akasimama akitetemeka, akaanguka tena. Walimwinua mara ya pili. Nyangwine alikuwa anampapasa yule ng'ombe shingoni kama mtu anayeomba radhi. Theodosia alimchoma sindano ya kalsiamu, akaagiza maji na majani ya migomba, kisha akaenda nyuma ya ghala kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Akajiona mtu wa ovyo kabisa. Pale pale, bila mchungaji na bila kiwiko cha Bhoke, akaiomba mvua kwa sauti.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Machage.

"Mzee, kuna jambo sikukwambia. Watu wote wenye hivi vyombo, dunia nzima, wana kilio kimoja. Siku unayojiandaa sawasawa, kila kitu kipo tayari, ndiyo siku wingu linakuja. Haikosi. Wanaandika kabisa kwenye mitandao, wanalalamika."

"Dunia nzima?" aliuliza Machage.

"Dunia nzima."

"Na wewe umejiandaa sawasawa siku ngapi?"

Theodosia alifikiri kwa uaminifu. Minyoo, maandazi, mfuniko, kikohozi. "Bado hata moja, mzee."

"Ndiyo maana!" Machage alipiga goti lake. "Sasa nenda ukajiandae. Na ujiandae vizuri, usituharibie."

Jua lilipozama darubini ilikuwa uani. Machage alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuamuru taa zizimwe, na kwa mara ya kwanza tangu sola ziingie, kitongoji kizima kilikuwa giza. Watu walikuja wakasimama nje ya ua, kwa umbali waliouona salama. Theodosia aliweka fokasi, akaangalia, akarudia. Mota ilishika. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera, nyota zilikuwa vinukta vidogo vikali, na katikati yake kulikuwa na doa hafifu la waridi.

"Mama," alinong'ona, "usikohoe kabisa."

"Nimemeza," alisema Bhoke.

Alipiga kumi, ishirini, thelathini. Hakuna kilichokosewa. Machage alikuwa anauliza "Bado?" kila baada ya muda, kama mtu anayesubiri ugali. Kisha upepo ukabadilika. Ulitoka upande wa ziwa, wa baridi, na ng'ombe zizini wakainua vichwa. Huko magharibi nyota za chini zikazimika.

"Endelea kupiga!" alisema Machage, akisimama.

"Mzee, wingu linakuja juu ya Orioni."

"Vizuri sana! Piga!"

"Nikipata nusu saa nyingine tu..."

"Piga, mura, usiachie!"

Aliendelea kupiga mpaka doa la waridi likageuka kijivu, na tone la kwanza likaanguka juu ya bomba kwa mlio. Hapo ua uliingiwa na watu wote kwa pamoja. Wanaume watatu kati ya wale waliokuwa wakiiogopa darubini waliibeba, wakaikimbiza ndani kwa uangalifu, huku wanawake wakipiga vigelegele. Machage alibaki uani, amefungua koti lake la vikao, mvua ikimwingia kifuani.

Usiku huo, bati likivuma juu yao, Theodosia alizipakia picha zake kwenye kompyuta. Zilikuwa sitini na kitu, pungufu sana ya alizozitaka. Programu ilizilaza moja juu ya nyingine, taratibu, na Bhoke akakaa kando ya kitanda na kikombe cha chai akisubiri naye. Wingu lilipojitokeza lilikuwa na chengachenga, kingo zake zimefifia, bawa moja halikukamilika. Lakini lilikuwa jekundu, na moyoni mwake liliwaka.

Bhoke aliangalia mpaka chai ikapoa.

"Hili lilikuwa hapo juu siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Hata nilipokuwa msichana nachunga?"

"Hata kabla."

"Na hakuna aliyeniambia," alisema Bhoke, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Habari za mvua zilisafiri kwa pikipiki. Mwezi Machi ulipoanza kuwachezea kwa kuwanyima mvua wafugaji wa Kisaka, wilaya ya Serengeti, walitumwa wajumbe wawili na blanketi la kufungia chombo. Theodosia alijaribu kwa dakika nzima kuwaeleza kwamba chombo na mvua havihusiani. Bhoke akamkata: chombo hakiendi bila mwenyewe, na mwenyewe haendi bila yeye.

Walikaa Kisaka siku tatu. Theodosia alijiandaa kila jioni kadiri alivyoweza, kweli kabisa, na hapakutokea hata wingu la kufutia jasho. Anga lilikuwa jeusi namna ambayo hajawahi kuliona. Alipiga picha mia nne. Mabawa yote mawili yalitoka, na kati yake mikunjo ya vumbi myembamba kama nyuzi. Wakati wa kula alikaa na wenyeji wenye nyuso nzito, akamega ugali kwa huzuni, akisema pole, pole sana, na akijikaza midomo isimtoroke na kutabasamu.

Siku ya nne waliagwa kwa adabu, bila kuku.

"Wametunyima kuku," alinung'unika Bhoke juu ya pikipiki, njia nzima mpaka daraja la kwanza. "Umewahi kuona? Wageni wa siku tatu!"

Theodosia hakusikia. Alikuwa ameibana kadi ya kamera mkononi na anacheka peke yake.