Ua la Chini ya Wali

Dada yangu Zhenlan alihamia Italia na sanduku moja na ulimi wa Mama. Bakuli lake aliliacha: la kale, la kijani kama maji ya mto yaliyotulia, na chini kabisa limepigwa chapa ya ua la peoni. Utotoni alikuwa anabugia wali upesi alione lile ua, kisha anapiga kelele, "Limechanua!"

Tangu aondoke, kila karamu ya kufunga mwaka Mama humwekea bakuli lake pale pale mezani: wali, vijiti, kipande cha samaki. Tukimaliza, mimi ndiye ninayemlia sehemu yake. Kazi ngumu, lakini ukoo ni ukoo.

Safari hii, kabla ya karamu, Zhenlan akapiga simu. "Mama, nitumie bakuli langu. Nataka mwanangu alie chakula humo."

"Bakuli haliendi popote," Mama akajibu. "Mwenye njaa atalifuata." Akakata simu, akaenda kumenya vitunguu visivyohitajika na mtu.

Baba ni mfinyanzi. Maneno yake yote huyachoma tanurini. Kesho yake nikamkuta anashindilia udongo ndani ya lile bakuli, apate kalibu, umbo la kunakilia, ya kumfinyangia Zhenlan pacha wake.

"Baba, si uchonge kalibu kubwa zaidi? Udongo unanywea."

"Wewe uliyetoboa sufuria ya chuma ndiye wa kunifundisha?"

Tanuri lilipopoa, likatoka bakuli lenye kijani kile kile, ua lile lile, ila dogo. Udongo ulinywea ukikauka, ukanywea tena motoni.

Mama akaligeuza mkononi. "Baba Zhenlan, miaka yote hiyo kwenye udongo, leo umefinyanga chombo cha kunyweshea vifaranga?"

"Nilikuwa na haraka," Baba akasema. "Nilitaka lifike kabla mtoto hajazoea mabakuli ya kule."

Mama akaliweka mezani. Nikamletea matambara ya kulifungia safari. Hakuyagusa.

Kwenye karamu, mabakuli mawili ya kijani yalikaa ubavu kwa ubavu, yote yamejaa wali.

"Piga picha, mtumie dada yako," Mama akaniambia. "Mwambie la mtoto lipo. Limekosa tumbo tu."

Baba akawa anaitazama simu yangu zaidi kuliko samaki. Mwishowe sauti ya Zhenlan ikaja, nyembamba: "Hilo dogo nalo lina ua?"

"Mwambie aje na mtoto, ale amalize," Mama akasema. "Atajionea."

Baada ya chakula Baba akanisogezea lile kubwa, kama kawaida. Nikashika vijiti, nikaviweka chini. Wali ukapoa vivyo hivyo, umeyafunika maua yote mawili.