Hatua ya Tisa

Gauthier alikuja Jumatatu na daftari jipya, akaniomba nimsimulie maisha ya Profesa Télesphore: ameishi vipi, anaamini nini, mawazo yake aliyatoa wapi. Anaandika kazi ya kumaliza chuo, na Profesa huyohuyo ndiye atakayempa alama. Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwambia akae, maana siku hiyo ningemsema huyo mzee hata kwa mbuzi.

Mwanafalsafa wake ni jirani yangu, huku upande wa Munigi. Lava ya volkano ya mwaka 2021 ilipita juu ya viwanja vyetu, ikala nyumba, ikala na ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka. Tuliporudi tulikuta mawe meusi tu. Yeye alijenga kibanda cha mbao, mimi nikapanga mafiga yangu pale nilipokumbuka jiko langu lilikuwa. Nilimwambia, "Prof, kuya tu kula. Moto ilisha kufuta mupaka." Akala kwangu mwaka mzima, na siku maharage yakipungua chumvi alinuna.

Kisha akaandika kitabu kwa Kifaransa, eti mpaka ni uongo wa watu wenye hofu. Wakamwita redioni, wakamwita Kampala. Mwaka jana alirudi na fundi, akajenga ukuta wa mawe uliolimeza jiko langu, likabaki upande wake pamoja na jalala. Nilipolalamika tena, siku chache kabla ya Gauthier kuja, akadai nimevamia, kwamba jiko nililijenga juzi, na kwamba Alhamisi shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, atakuja kulibomoa. Hilo jiko ndilo linaniweka mjini, nauza maharage yaliyoiva. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, wala sioni aibu kusema.

Gauthier akatoa kile kitabu kwenye mkoba.

"Mama Kaswera, kuko paje moja anakuongelea." Akafungua ukurasa, akanitafsiria: *Natoka mlangoni kwangu. Hatua ya tisa naingia kwa jirani, wala hakuna kinachoniambia. Ya kumi na mbili nimefika kwenye mafiga yake, sahani inaningoja.*

Nilimwomba arudie, polepole. Mtu aliyezoea kusifiwa alikuwa amejiandikia ushahidi mwenyewe, akauchapisha.

Alhamisi shefu Dieudonné alikuja na mita yake ya kupimia, na majirani nyuma. Gauthier akausoma ule ukurasa. Profesa akatabasamu.

"Ile ni mufano tu, shefu. Mufano haina kiwanja."

"Basi tembeya, Prof," shefu akasema. "Toka kwa mulango yako, tuhesabu."

Akatembea. Mzee wa magoti mabovu, siku hiyo alinyoosha miguu kama anavuka mtaro. Ya kumi na mbili ikampitisha jiko, akasimama kwenye jalala langu. Watu wakacheka. Shefu akamrudisha mlangoni, akamwambia atembee vile alivyokuwa akija kula. Safari hii ya kumi na mbili ilimfikisha kwenye mafiga. Ya tisa ilikuwa mita moja na nusu kabla ya kufika jikoni, upande wa mlango wake.

"Kile kitabu ni bongo, ni uongo mutupu," Profesa akasema, uso umemshuka. "Andikeni vile. Mupaka iko, na iko pale nilijenga."

Gauthier alikuwa ameinua kalamu. Akayaandika maneno ya mwalimu wake neno kwa neno.

Shefu akaamuru ukuta utolewe kabla ya Jumapili. Mafundi walipouvunja, sikuwaacha waondoke na mawe. Niliwalipa chakula wayapange upya kwenye hatua ya tisa, juu kuliko kimo cha mtu, mpaka dirishani kwake jiko langu halionekani tena.

Gauthier alipita jioni moja kunionyesha kazi yake. Sehemu moja ilikuwa bado tupu: watu waliobadilishwa na mawazo ya Profesa.

"Andika mie," nikamwambia. "Zamani mie sikukuwaka najua kujenga ukuta."