Kiti cha Mama Espoir

"Shubiri moja," sauti ya Godefroid ilitoka chini ya motoka. "Pungufu ya hapo usinisumbue, rudi kwako ulale."

Florentin alichuchumaa, akachungulia. Fundi alikuwa amelala chali juu ya katoni, mkono ameutandaza kati ya mpira na bati la ubavuni, kidole gumba chini, kidole kidogo juu. Hivyo ndivyo alivyopima kila motoka iliyoingia kwenye karakana yake katika mtaa wa Kasuku, mjini Kindu. Mita ya kupimia anayo, inaning'inia msumarini tangu zamani, lakini aliidharau. Mita, alisema, haijawahi kukwama kwenye matope.

"Na tukiinua vidole vinne tu?"

"Vidole vinne vya nini? Sikiliza, Papa Florentin. Resori, hii springi, inainua mwili. Ponti, hiki chuma kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma, inabaki palepale. Na kule porini ulikalishwa na ponti, si mwili. Ponti inainuliwa na mipira mikubwa. Mipira mikubwa haiingii hapa kama sijapandisha mwili shubiri nzima. Vidole vinne ni urembo. Utapendeza mbele ya kanisa, basi."

Alitoka akijipangusa mgongo, akaonyesha vyuma viwili viwili vilivyopangwa ukutani. Upande huu resori fupi. Upande ule resori ndefu, nene, na amortisa zake ndefu za kupunguza mitikisiko, na mipira iliyofika kiunoni mwa mtu. Vyote vilikuwa vya Mama Kyakimwa, mfanyabiashara aliyetoka Butembo akafungua duka karibu na bandari. Chagua, alikuwa amesema, lakini kila mtu alijua anataka zipi zichaguliwe.

Mama huyo, tumseme kwa haki, si mtu mbaya. Safari iliyopita, Florentin akipeleka mzigo wake Pangi, pikapu ilikaa tumbo kwenye mifereji iliyochimbwa na malori. Magurudumu yakazunguka hewani kwa aibu. Mvua ikanyesha juu ya turubai lililotoboka, na magunia ya chumvi yakaanza kulia. Waliporudi Kindu, Kyakimwa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Papa Florentin," alisema, "mimi nakupenda kabisa. Lakini chumvi yangu haijui upendo. Pandisha motoka, ao mzigo nampa Aboubakar." Aboubakar ana motoka ndefu kwenda juu, inapita juu ya magogo kana kwamba imezaliwa huko.

Bila mzigo wa Kyakimwa, pikapu ile ni bati la kuanikia mihogo. Florentin alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alisimama pale, akapima kwa macho kutoka ardhini hadi kwenye kizingiti cha mlango wa kulia. Akaongeza shubiri. Akaongeza unene wa mipira. Alipomaliza, kizingiti kilikuwa kimefika kwenye nyonga ya mke wake, na nyonga hiyo ndiyo isiyokunjika.

Mke wake ni Élisabeth, ambaye mtaa mzima wa Mikelenge unamwita Mama Espoir. Kwa miaka yote aliyoendesha pikapu, Florentin hajafunga safari bila yeye. Watu walimcheka. Walisema huyu dereva amefungwa kamba na bibi yake. Aliwaacha waseme. Mama Espoir ana namna yake ya kupanda: mkono kwenye mlango, mguu wa kushoto kizingitini, pumzi moja, amefika. Hataki kusaidiwa. Na wakishavuka mto kwa kivuko, wakaiacha Alunguli nyuma, injini ikishatulia kwenye mngurumo wake, anaegemeza kichwa dirishani na kulala. Analala mdomo wazi, anakoroma, mate yanamtoka, kitambaa kinamteleza, hajali.

Nyumbani halali. Anakaa kitandani ameegemea ukuta, uso umeelekea mlangoni, mpaka kunakucha. Amefanya hivyo tangu vita.

Mwaka ule reli ilikuwa imekatika, Kindu haina chumvi wala sabuni, watu wanakula sombe ya majani ya mihogo isiyo na kitu. Asubuhi moja Élisabeth alikwenda kwenye shamba lake kuchuma majani, na lori la askari likasimama. Wawili walimshika makwapani, mmoja huku na mmoja huku, wakamrusha juu. Askari wa nani? Kila mtu ana jibu lake, na hakuna jibu lililonyoosha nyonga ya mtu. Alirudi kwa miguu msimu wa mvua ulipokwisha, akiburuta mguu wa kulia. Wanawake wa mtaa walimpikia, wakamwogesha, hawakumuuliza. Walikuwa na neno moja kwa wote waliochukuliwa hivyo: *alipandishwa*. Ukilisikia, unainamisha macho na kuzungumzia mambo mengine.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemnyanyua. Alipokuwa anamzaa Espoir, waganga wawili wa hospitali walitaka kumweka juu ya kitanda. Alimng'ata mmoja mkono. Mtoto alizaliwa mkekani, chini, na Florentin amepiga magoti kando yake akiomba radhi kwa kila mtu.

Sasa, Godefroid ni mtu wa Kibombo. Alikuja Kindu vita vimekwisha, na moyo wake ni mweupe, ila mdomo wake hauna breki. Mama Espoir alipoingia karakanani amebeba wali wa bwana yake kichwani, fundi alifurahi kweli.

"Karibu, Mama! Umefika saa njema. Bwana yako anaogopa kama mutoto. Mwambie leo tunamupandisha! Tunamupandisha kwa nguvu, apende asipende!"

Alikuwa anasema juu ya motoka. Kila fundi wa Kindu anasema hivyo, kupandisha motoka. Mama Espoir alisimama. Akateremsha bakuli taratibu, akaliweka juu ya pipa, akakaza kitambaa chake kiunoni ingawa hakikulegea.

"Godefroid, nyamaza," Florentin alisema.

"Nimesema nini?"

"Nyamaza tu, ndugu yangu. Tafadhali."

Mama Espoir alikwenda hadi kwenye pikapu. "Shubiri ya nani?" aliuliza. Fundi, sasa hajui aweke wapi macho, akaonyesha mkono wake mpana. Mama akaweka wake juu ya kizingiti, akauongeza kidogo ili ulingane na wa mwanaume, akatazama mipira ile ukutani. Hakuna aliyemweleza. Alielewa peke yake, na Florentin alimwona akielewa, na roho ikamuuma.

"Ningeweza kuchomelea ngazi," Godefroid alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kwa mguu wa Mama ingebidi ining'inie chini sana. Gogo la kwanza lingeondoka nayo. Bon. Bwana yako iko na mikono, si anaweza..."

Safari hii alijinyamazisha mwenyewe.

Mume na mke walikaa nyuma ya karakana, kwenye boneti kuukuu ya motoka iliyokufa. Wali ulipoa kati yao.

"Nitamrudishia Kyakimwa resori zake," Florentin alisema. "Nitabeba matofali hapa mjini. Nitabeba mchanga."

"Mchanga wa nani? Toka lini watu wanakuita kubeba mchanga?"

"Wataniita."

"Baba Espoir, usinidanganye. Hatuna hata pa kuanzia. Pandisha hiyo motoka."

Neno lilimtoka mdomoni likiwa zito. Florentin hakumbuki kama aliwahi kumsikia akilitamka.

"Na wewe?"

"Nitabaki nyumbani. Nitazoea."

"Utalala wapi?"

Mama Espoir aligeuka, akamtazama. Katika ndoa yao yote hawajawahi kulizungumza jambo la usingizi. "Ulikuwa unajua?"

"Mke wangu, mimi naendesha polepole namna ile, ulifikiri ni kwa ajili ya barabara?"

Mama Espoir alicheka, kicheko kifupi, kisha akafunika macho kwa kiganja na kukaa hivyo. Florentin alisogeza bakuli, akasogea karibu, lakini hakumgusa. Alikuwa amejifunza kumpenda hivyo, kwa kukaa karibu. Alitamani ulimwengu uwe na njia nyingine ya kufika Pangi, wala haukuwa nayo.

"Nitakuja," hatimaye mama alisema. "Nitatafuta namna ya kupanda. Mwambie afanye."

Godefroid alifanya. Kazi nzuri, hakuna wa kumlaumu. Alifungua resori za zamani zilizochoka, akaweka ndefu, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akafunga mipira ambayo sasa iliingia bila kugusa bati. Pikapu iliteremshwa kutoka kwenye jeki, na watu waliokuwa wakipita wakasimama kuitazama. Fundi aliingiza mkono chini ya ponti, akautikisa huku na huku katika nafasi iliyopatikana. Kisha akakataa soda aliyonunuliwa. Alikuwa ameuliza watu, na mtu alikuwa amemwambia maana ya neno lile.

Asubuhi ya safari mzigo ulikuwa umeshapakiwa, turubai jipya limefungwa. Florentin aliweka sanduku la mbao mbele ya mlango wa kulia. Mama Espoir alilipanda kwa mguu mzuri, akashika mlango, akavuta pumzi. Nyonga ilikataa. Alishuka, akapumzika, akajaribu tena kutoka upande, akijivuta kwa mikono, na mikono yake haina kasoro, inatwanga sombe tangu utoto. Sanduku lilipinduka. Majirani waliokuwa wanafagia waliendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kuwa safi.

Aliweka paji la uso kwenye bati la mlango. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka.

"Baki," Florentin alimnong'oneza. "Nitakwenda na kurudi. Nitamwomba jirani yetu Jamila aje kulala na wewe."

"Njoo hapa."

"Mama Espoir..."

"Njoo, nimesema. Si hapa." Alijigusa makwapani, upesi. "Popote pengine, lakini si hapa."

Florentin alisogea. Mzee mzima, aliyebeba magunia maisha yake yote, hakujua mikono iende wapi. Akapitisha mmoja nyuma ya magoti yake, mwingine mgongoni, akasema, "Ni mimi. Ni mimi, Élisabeth," na akainua. Hakuwa mzito. Lakini mwili wote ulikauka mikononi mwake, shingo ikasimama, na kutoka kooni ikatoka sauti ndogo ambayo Florentin hakuwahi kuisikia na ambayo, tangu siku hiyo, anaisikia. Alimweka kitini. Alirudi nyuma akiwa bado amenyoosha mikono. Alikuwa amemshika kwa mapenzi yote aliyo nayo, na mwili wa mke wake haukuona tofauti.

"Funga mlango," mama alisema akitazama mbele.

Walivuka mto. Mtu wa kivuko aliisifu motoka, akaizunguka akiipigapiga kofi, na Florentin akamshukuru. Waliiacha Alunguli nyuma. Injini ikatulia. Barabara ilikuwa na mvua ya jana, mifereji imejaa maji ya udongo, na pikapu ilipita juu yake bila kugusa. Walifika mahali pale ilipokalia tumbo, ambapo matawi waliyoyatupa chini ya magurudumu bado yalikuwa yakioza ndani ya tope. Wakapita. Florentin hata hakubadilisha gia.

"Motoka ni nzuri," Mama Espoir alisema.

"Ndiyo. Nzuri."

Alimtazama kwa pembeni. Kichwa hakikuwa dirishani. Alikaa wima, kitambaa kimefungwa vizuri, mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango, macho makavu yakihesabu miti. Florentin alijiambia ni mapema bado. Akamwambia habari za Espoir na mume wake kule Kalima. Akanyamaza, ili usingizi upate nafasi. Jua lilipanda. Walipita vijiji ambavyo mama hakuwahi kuviona, miaka yote hii, kwa sababu kila mara alivipita akikoroma. Sasa aliviona vyote.

Mbele kulikuwa na kijito wanapopumzika siku zote, wenye safari wote hupumzika hapo, wanawake wanauza ndizi za kuchoma na kuna kichaka cha kujisitiri. Florentin aliondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ikaanza kupunguza mwendo, na wauza ndizi wakainuka na sinia zao.

"Usisimame, Baba Espoir."

"Unyooshe mguu kidogo tu. Hujakula kitu."

"Usisimame. Nikishuka, nitarudi huku juu namna gani?"

Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia pembeni ya motoka, sinia juu ya vichwa, wakiita bei kwa sauti za furaha, na sasa iliwabidi kunyoosha mikono ili kufika dirishani. Florentin aliwatikisia kichwa kwamba hapana. Akarudisha mguu kwenye mafuta.

Ndipo alipoona chupa ya maji. Mama Espoir alikuwa ameijaza mwenyewe alfajiri, akaisimamisha katikati ya viti viwili kwa ajili ya njia. Kizibo kilikuwa hakijafunguliwa; mwenye kunywa hulazimika kushuka. Jua lilikuwa utosini, na Pangi bado ni mbali. Florentin mwenyewe alihisi kiu ikimkwangua koo, akaiacha chupa, akameza mate, akashika usukani kwa mikono yote miwili.