Vidole vya Cheni

Mnoaji alikuwa amepiga magoti vumbini, msumeno wa injini ameubana kwenye kisiki, anasukuma tupa jino baada ya jino, kutoka ndani kwenda nje. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye mkataji. Alisimama kando akipiga mluzi.

"Shemeji, unanoa cheni au unaibembeleza ilale?"

"Nyamaza. Ningejua kubembeleza, dada yako angenipikia walau siku moja bila kununa."

Wakacheka, kisha kila mmoja akatazama kwake. Dada mtu alifia kwenye benchi la zahanati, gari la wagonjwa likiwa limepelekwa kubeba viti vya mkutano. Alibaki huyu mdogo mtu, mwenye kicheko kilekile.

Miti ya kando ya barabara ilitakiwa iwe chini kabla mkubwa hajapita. Ni mkubwa yuleyule ambaye watu wake waliigongomelea mabango siku za kuomba kura. Kura walichukua, misumari wakatuachia. Na cheni iliyotolewa stoo ilikuwa ya meno yenye pembe kali: kwenye mti safi inapita kama kisu kwenye papai, lakini ikigusa mchanga au chuma, kwisha habari yake. Mnoaji aliomba ile ya meno ya mviringo, inayokata taratibu lakini inavumilia uchafu. Stoo wakamjibu zote ziko shambani kwa bosi.

Msimamizi akafika, jasho linamtiririka. "Mzee, mbona mashine inatema unga tu, haikati?"

"Imekula msumari, mkuu. Haya meno yaliyomeguka lazima niyapunguze kwa tupa mpaka nifikie chuma kizima, na mengine yote yalingane nayo. La sivyo itakata upande. Nipe muda."

"Muda nikautoe wapi? Mkubwa yuko njiani! Shusha hivyo vidole, ing'ate."

Vidole ni vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino. Ndivyo vinavyoizuia cheni isiume mti kupita kiasi. Ukivishusha mno, mashine inaruka, na inaruka kuelekea usoni kwa aliyeishika.

"Itaua mtu, mkuu."

"Umeajiriwa kunoa au kutabiri? Kama umechoka sema, getini wamejaa."

Kweli walijaa. Mnoaji akachukua tupa bapa. Alivishusha kimoja kimoja, msimamizi amemsimamia kichwani, mpaka cha mwisho.

"Haya, mpe mkataji."

Shemeji alinyoosha mikono. Mluzi ulikuwa umekwisha mdomoni. Mnoaji akampita na mashine yake, akaenda mpaka kwenye shina.

"We mzee! Hiyo si kazi yako!" msimamizi akafoka.

"Shemeji, acha utani, lete hapa."

"Rudi nyuma," mnoaji alisema bila kugeuka.

Kijana akarudi hatua.

"Rudi tena. Nimesema rudi, mpaka kule barabarani."

Mnoaji akavuta kamba ya kuwashia mashine.