Jembe la Kusikilizia

Mwaka 1953, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, Bujiku wa Tinde alikuwa na goti moja zima na jingine la kubembeleza. Hilo la pili lilibanwa na toroli la mawe chini shimoni, na tangu siku hiyo yeye na ngazi za mgodi walikuwa hawaelewani. Utaratibu ulijulikana: mwisho wa mwezi, asiyeweza ngazi alikabidhiwa blanketi lake, akapandishwa lori, akarudi kwao. Bujiku alibakiza wiki tatu.

Cha kumwokoa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kiti. Kiti cha simu, pale juu mdomoni mwa shimo, ambapo mtu huketi akapokea maagizo ya Wazungu kwa Kiingereza, kisha akawapigia kelele wenzake wa chini kwa Kiswahili. Aliyekuwa akikikalia alikuwa amehamia Kahama kufungua duka. Anayekitaka afanye mtihani mbele ya Bwana Miwani, mkubwa wa kazi za shimoni.

Kiingereza Bujiku alikuwa nacho, alikiokota kwa miaka sita ya kutukanwa. Kilichomtoa jasho ni yale maneno mapacha, sauti moja maana mbili. Onesmo, katekista kutoka Ushirombo aliyefundisha watu wazima Jumapili baada ya misa, aliyasoma mpaka sauti ikakauka.

"Sani ni jua. Sani ni mtoto wa kiume. Wiki ni siku saba. Wiki ni mtu asiye na nguvu. Mnasikia?"

"Tunasikia, mwalimu," akasema Bujiku. "Shida ni kwamba tunasikia kitu kimoja."

Darasa likacheka. Aliyecheka zaidi ni Pantaleo, karani wa stoo, darasa la nane kamili na kalamu mbili mfukoni, naye akikitaka kiti kilekile.

"Kaka Bujiku, Tinde kuna mashamba mazuri. Kwa nini unajitesa?"

Bujiku akarudi nyumbani amenuna, akachukua jembe akaenda kuumaliza mnuno kwenye matuta ya viazi. Mkewe Klara akamtazama anavyochimba kama anayefukua adui.

"Baba Thobias, hebu nikuulize. Kwenu mlikuwa mnalima kwa ngoma, watu mstari mmoja. Pigo la kurusha jembe juu na pigo la kuchimba, si yanafanana?"

"Yanafanana kama mayai."

"Mbona hukujikata mguu miaka yote hiyo?"

Bujiku akaegemea mpini. "Pigo halisikilizwi peke yake. Unasikiliza wimbo umefika wapi, mkono unajua wenyewe."

"Haya. Basi hicho Kiingereza umekuwa ukikisikiliza kwa nini, kwa kisigino?"

Jumapili iliyofuata Onesmo aliletwa shambani, akakalishwa juu ya tuta na karatasi yake. Klara akageuza debe, akapiga. Mwalimu akasoma sentensi nzima, Bujiku akalima. Sani ya jua, jembe juu. Sani ya mtoto, jembe begani kama linabebwa. Wiki ya siku, vipigo saba vifupi. Wiki ya udhaifu, jembe linalegea mkononi. Mwanzoni alikuwa akibeba jua mgongoni na kumwinua mtoto mbinguni, majirani wakashika mbavu. Lakini alipoacha kulirukia neno, akangoja wimbo ufike, mikono ilianza kwenda yenyewe. Katika wiki mbili matuta ya juu yalikuwa yamelimwa mara nne, na Onesmo alishindwa kuhubiri bila kutikisa mabega.

Siku ya mtihani Pantaleo alitangulia. Bwana Miwani akasoma kwa Kiingereza kwamba mtoto wa kiume wa nyapara amekuwa dhaifu wiki nzima. Pantaleo alijibu kabla Bwana hajafunga mdomo, akakata neno moja moja kama nyama buchani: "Jua, la nyapara, siku saba, siku saba."

Bwana akaandika kitu kifupi sana.

Bujiku akaingia, akaketi, akaweka mikono mezani. Kichwa kikawa cheupe. Lori alikuwa ameliona asubuhi, limeoshwa, linangoja. Akainuka.

"Bwana, naomba jembe."

"Jembe ya nini? Hii ofisi."

"La kusikilizia."

Bwana akamnyooshea mwavuli wake mweusi. Dirishani Pantaleo akasema, "Jamani njooni, anamlimia Mzungu sakafu." Klara, aliyekuwa barazani na debe la viazi vya kuuza, alivimwaga kwenye kanga na kuanza kugonga.

Bwana akasoma sentensi ileile. Mwavuli ukatua begani, ukalegea, ukagonga sakafu mara saba.

"Mtoto wa nyapara hana nguvu, wiki nzima."

Ikaja ya pili, ikaja ya tano. Kwa mazoea ya kwao Bujiku akaurusha mwavuli juu, ukafunguka hewani kama kunguru, akaudaka kwa mpini bila kugeuza kichwa. Nje watu wakashangilia. Bwana akavua miwani, akaifuta, akatoa ya mwisho ambayo haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa na neno ori mara tatu mfululizo, kila moja na maana yake.

Mwavuli ukashuka kwa nguvu, ukachimba. Ukapanda, ukaning'inia katikati, huku si huku. Kisha ukavutwa nyuma polepole, kama mtu yuko ziwani.

"Unaniuliza nataka mawe ya dhahabu, au nataka kasia," akasema Bujiku. "Nataka mawe, Bwana. Siku shimo likihitaji kasia, naomba nipigiwe simu mapema."

Bwana Miwani alicheka mpaka akakohoa. "Wewe keti," akasema, na hakumaanisha kiti kile cha mtihani.

Jumamosi lori liliondoka. Bujiku aliliona likipita akiwa juu ya kiti cha simu, goti amelinyoosha juu ya kreti, blanketi lake amelifanya mto wa mgongo.

Na Jumapili, baada ya misa, Klara alimkuta mtu kwenye matuta yake, kalamu mbili mfukoni, jembe la kuazima mkononi.

"Shikamoo, Mama Thobias," akasema Pantaleo, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba. Anzia kule chini," akasema Klara, akageuza debe. "Kule Baba Thobias hajawahi kufika."